Mzee na Kobe Watano

Mwaka 1822 jeshi la Dola ya Uthmaniya lilishuka katika kisiwa cha Chios, karibu na pwani ya Anatolia, kwenda kuzima uasi wa Wagiriki. Maelfu waliuawa. Maelfu wengine, hasa wanawake na watoto, waliuzwa katika masoko ya watumwa. Miaka miwili baadaye, katika maonyesho makubwa ya sanaa mjini Paris, kijana aitwaye Eugène Delacroix alitundika picha yenye urefu wa zaidi ya mita 4: watu wa Chios wako chini, hoi, wanasubiri kufa au kuchukuliwa, na kando yao askari wa Kituruki juu ya farasi. Delacroix hakuwahi kufika Chios. Wakati huo hakuwa amefika popote Mashariki. Safari yake ya Morocco ilikuja mwaka 1832. Mavazi na silaha aliazima kwa rafiki aliyekuwa akikusanya vitu vya aina hiyo, akavichora huko huko Paris.

Miongoni mwa watoto waliotekwa Chios alikuwamo mvulana wa miaka minne hivi. Alinunuliwa na Husrev Pasha, mmoja wa wakubwa wa jeshi, ambaye alikuwa na mazoea ya kununua watoto wa namna hiyo, kuwasomesha na kuwaingiza serikalini. Mvulana akapewa jina la Ibrahim Edhem. Husrev akampeleka Paris pamoja na wenzake watatu, akasomea mambo ya madini. Aliporudi alipanda cheo baada ya cheo, mpaka mwaka 1877 akawa waziri mkuu wa dola ile ile iliyomteka. Mwanawe mkubwa, Osman Hamdi, alizaliwa Istanbul mwaka 1842, na huyo ndiye aliyechora picha inayojulikana leo Uturuki nzima: mzee anayefundisha kobe.

Picha hiyo ni ya mwaka 1906. Ina urefu wa mita 2 na sentimita 21, na upana wa mita 1 na sentimita 20. Mzee amesimama kiubavu, mgongo umepinda kidogo, joho jekundu limemfika chini na kiunoni amejifunga mshipi. Kofia yake imezungushiwa kitambaa kama kilemba. Mikono ameirudisha nyuma, na mikononi ameshika nai, filimbi ya mwanzi ambayo wapenzi wa taarab ya Unguja wanaifahamu vizuri. Mgongoni ananing'iniza ngoma ndogo. Miguuni pake, sakafuni, wapo kobe watano, baadhi yao wanatafuna majani mabichi. Mwanga unaingia kwa dirisha lililo chini kabisa, karibu na sakafu, kwa hiyo unaangaza magamba ya kobe kuliko uso wa mzee. Ukuta umepambwa vigae vya buluu, na sehemu kadhaa vigae vimebanduka ikabaki chokaa. Juu ya dirisha pana maandishi ya Kiarabu yanayohusu nyoyo kupona kwa kumwona mpendwa.

Ukitazama kwa haraka utasema mzee anafundisha. Ukitulia utaona hafanyi lolote. Nai haiko mdomoni, ngoma iko mgongoni, na kobe wanakula. Huenda ameshapiga na hawakumjali, huenda hajaanza. Kobe hasikii vizuri kama sisi, na hata angesikia, ana gamba gumu linalomkinga na fimbo ya mwalimu. Mchoraji kachagua mnyama asiyefundishika kwa muziki wala kwa kiboko, kisha kampa mwalimu wake muziki tu.

Ili kuona ugeni wa jambo hili inafaa kuiweka picha hii kando ya nyingine, ya Mfaransa Jean-Léon Gérôme, ambaye mara nyingi hutajwa kuwa mwalimu wa Osman Hamdi. Mwaka 1860 Edhem Pasha alimtuma kijana wake Paris akasome sheria. Kijana akavutwa na rangi. Jina linalothibitika zaidi kama mwalimu wake ni Gustave Boulanger, rafiki mkubwa wa Gérôme. Lakini hata kama hakukaa darasani kwa Gérôme, mkono wa Gérôme unaonekana katika kila turubai lake. Ni ule uchoraji wa kulainisha rangi mpaka alama ya brashi isionekane, kila uzi wa zulia ukahesabika, mtazamaji akadhani anatazama kitu chenyewe.

Karibu mwaka 1879 Gérôme alichora picha ya mcheza nyoka. Mvulana aliye uchi amesimama juu ya zulia dogo akitupa mgongo, chatu kamzunguka mwilini. Kando yake mzee anapuliza filimbi. Wanaume wenye silaha wameketi wameegemea ukuta wa vigae vya buluu, wanatazama. Kila kipande cha picha hiyo ni cha kweli na picha nzima ni ya uongo. Michezo ya nyoka ilikuwa ya mitaa ya Cairo. Vigae ni vya jumba la kifalme la Topkapi, Istanbul, ambako Gérôme alifika mwaka 1875. Na juu ya ukuta, kwa hati kubwa nzuri, ameandika aya ya 256 ya Surat al-Baqara, inayosomeka kabisa kwa anayejua kusoma. Msomaji Mwislamu hahitaji kuambiwa kwamba hakuna jumba la sultani ambamo mtoto angevuliwa nguo mbele ya wanaume chini ya aya ya Kurani. Mnunuzi wa Paris au New York hakuijua aya ile. Kwake ilikuwa nakshi.

Picha ya Gérôme ilipata umaarufu wa pili mwaka 1978, ilipowekwa kwenye jalada la kitabu cha Edward Said kuhusu jinsi Ulaya ilivyoibuni Mashariki yake yenyewe. Miaka mitano baadaye mwanahistoria wa sanaa Linda Nochlin alionyesha kwa kidole vigae vilivyovunjika ukutani: hivyo, alisema, vinamweleza mtazamaji kimyakimya kwamba watu hawa ni wavivu, wamerithi vitu vizuri na hawajui kuvitunza. Hoja hiyo nimeikubali siku zote. Lakini vigae vya Osman Hamdi navyo vimebanduka. Je, naye alikuwa akisema hayo hayo kuhusu watu wake?

Ukuta ule si wa kubuni. Ni ghorofa ya juu ya Msikiti wa Kijani wa Bursa, uliojengwa katika zama za Sultani Mehmed wa Kwanza, mwanzoni mwa karne ya 15. Mwaka 1855 tetemeko la ardhi liliivuruga Bursa na misikiti yake mingi ikaharibika. Kwa hiyo kigae kinaweza kuanguka bila mtu kuwa mvivu. Kinaweza pia kung'olewa usiku na mtu mwenye mteja anayemsubiri bandarini, na jambo hilo Osman Hamdi alilijua kuliko mtu yeyote katika dola, maana lilikuwa kazi yake ya kila siku.

Hapo ndipo maisha yake yanapokuwa magumu kuyaweka katika fungu moja. Mwaka 1867 alionyesha picha 3 katika Maonyesho ya Dunia ya Paris, mwaka ambao Sultani Abdulaziz mwenyewe alifika mjini humo, sultani wa kwanza wa Uthmaniya kuingia Ulaya Magharibi kwa ziara badala ya vita. Mwaka 1869 akarudi nyumbani, na hakukaa sana Istanbul kabla ya kupelekwa Baghdad kumtumikia gavana mpya, Midhat Pasha, aliyekuwa na sifa ya mageuzi. Barua zake za Baghdad kwa baba yake zipo, ameziandika kwa Kifaransa, na si za kumpamba. Anawazungumza wenyeji wa Iraq kama mtu wa mji mkuu anavyowazungumza watu wa mikoani: wako nyuma, wasaidiwe. Ulaya iliitazama Istanbul kwa jicho hilo, na Istanbul ikaligeuza jicho hilo hilo kwa Baghdad.

Mwaka 1873 alishiriki kuandaa kitabu cha picha kwa ajili ya Maonyesho ya Dunia ya Vienna, kikionyesha watu wa mikoa yote ya dola katika mavazi ya kwao. Tangu hapo mavazi yakawa mtaji wake wa uchoraji. Joho, kilemba na mshipi alivivaa mwenyewe, akapigwa picha akiwa amesimama, ameketi, ameshika kitabu, kisha akachora kutokana na picha hizo. Ndiyo maana wazee wengi katika kazi zake wana pua yake na ndevu zake. Istanbul ya wakati wake watu wa ofisini walivaa suti na tarbushi. Naye pia. Mwenye joho jekundu ni mkurugenzi wa serikali aliyevaa nguo za babu zake wa kubuni, kwani babu zake wa damu upande wa baba walikuwa Wagiriki wa Chios.

Mkurugenzi alikuwa kweli. Mwaka 1881 aliteuliwa kuongoza Makumbusho ya Kifalme, ambayo wakati huo yalikuwa katika jengo dogo la vigae kwenye bustani za Topkapi, hatua chache tu kutoka kwenye kuta alizozichora Gérôme. Alikuta mlango umeachwa wazi. Heinrich Schliemann alikuwa ameshatorosha dhahabu ya Troy mwaka 1873. Wajerumani walikuwa wakibeba vipande vya madhabahu ya Pergamon kwenda Berlin. Sheria ya mwaka 1874 iligawa kilichochimbwa mafungu matatu: la serikali, la mwenye shamba na la mchimbaji. Osman Hamdi akasimamia sheria mpya ya mwaka 1884, iliyosema kwa ufupi kwamba kitakachotoka ardhini ni mali ya dola na hakitoki nje. Mabalozi wa Ulaya hawakufurahi.

Mwaka 1887 ikaja bahati ya maisha yake. Huko Sidon, katika Lebanon ya leo, watu waliokuwa wakichimba mawe walikuta shimo linaloingia katika makaburi ya wafalme wa kale. Osman Hamdi alikwenda mwenyewe, akashuka shimoni, akakuta vyumba vilivyojaa majeneza ya mawe. Moja lilikuwa la marumaru lenye michongo ya vita na uwindaji ambayo rangi zake za kale zilikuwa bado hazijafutika. Leo linaitwa Jeneza la Aleksanda, ingawa Aleksanda hakuzikwa humo. Kulipandisha kwa kamba kupitia shimo lilimoshukia kungelivunja. Akaamuru uchimbwe mtaro wa kutokea ubavuni mwa kilima, majeneza yakaburutwa kwenye reli za mbao hadi ufukweni na kupakiwa melini. Istanbul hapakuwa na jengo la kuyatosha, likajengwa jipya kwa mchoro wa Alexander Vallaury na kufunguliwa mwaka 1891. Lingekuwa jambo la kawaida kabisa miaka ishirini kabla ya hapo majeneza yale kuishia London au Paris.

Watu wa Ulaya na Marekani waliokuwa na hamu ya kuchimba walitambua upesi kwamba bwana huyu hanunuliki kwa fedha, lakini ana udhaifu mmoja: alitaka kutambuliwa kama mchoraji. Chuo Kikuu cha Pennsylvania, kilichohitaji ruhusa ya kuchimba Nippur kusini mwa Iraq, kilinunua picha yake ya watu mlangoni mwa msikiti, iliyokuwa imepelekwa Chicago kwa Maonyesho ya Dunia ya mwaka 1893. Picha ilikaa ghalani Philadelphia kwa miaka mingi. Sioni njia ya kuliita jambo hilo isipokuwa takrima, na takrima tunazifahamu zinakoelekea. Vibao vya udongo vya Nippur vilivyoandikwa kale vilifika Philadelphia kwa wingi, baadhi kama zawadi ya sultani.

Maana sheria ilikuwa na mwanya mkubwa, nao ni Sultani Abdulhamid wa Pili mwenyewe. Alichokataza mkurugenzi, sultani aliweza kukigawa. Mwaka 1903 alimzawadia Kaisari Wilhelm wa Pili ukuta wa mbele wa jumba la Mshatta, kazi ya mawe ya enzi za Bani Umayya katika jangwa la Jordan, ukasafirishwa hadi Berlin. Osman Hamdi alipinga kwa nguvu. Ukuta ukaenda.

Mwaka 1906, mwaka wa picha ya kobe, ilitoka sheria nyingine ya mambo ya kale, ambayo safari hii iligusa bayana kazi za sanaa za Kiislamu: vigae, mimbari, vitabu, taa za misikiti. Wanunuzi wa Ulaya walikuwa wameshiba mawe ya Wagiriki, sasa walitaka kazi za Kiislamu za Iznik na Konya. Kwa hiyo vigae vinavyobanduka ukutani pa mzee wa kobe vina anuani. Mtu aliyevichora ndiye aliyetakiwa kuviandikia ripoti.

Waturuki wengi wamefundishwa kuisoma picha hii kama fumbo la siasa. Mzee ni Osman Hamdi. Kobe ni maofisa wenzake, au wanafunzi wa chuo cha sanaa alichokianzisha mwanzoni mwa miaka ya 1880, au dola nzima inayotembea polepole huku dunia inakimbia. Nai na ngoma ni elimu na sanaa. Wengine huongeza kisa cha karne ya 18, zama za tulipu, ambapo inasimuliwa kwamba katika karamu za usiku kobe waliwekewa mishumaa mgongoni wakaachwa watembee bustanini kuangaza maua. Kobe wa namna hiyo, husema, walihitaji mlezi, na huyu ndiye.

Tafsiri ya siasa inapendeza, tena inaingia vizuri mno. Mwaka 1906 magazeti ya Istanbul yalikuwa chini ya udhibiti mkali, Midhat Pasha alishauawa kifungoni Taif tangu 1884, bunge lilifungwa tangu 1878. Mtu mwenye la kusema angelisema kwa kobe. Ila huyu mtu alikuwa mtumishi mwaminifu wa Abdulhamid kwa robo karne. Makumbusho, chuo na meli ya Sidon, vyote vilitoka mkononi mwa sultani huyo. Na picha hakuionyesha Istanbul. Aliipeleka Paris, ikatundikwa katika maonyesho ya mwaka 1906 kwa jina la Kifaransa lisilo na fumbo lolote: mtu wa kobe. Kama ilikuwa hotuba, basi aliitoa mbele ya watu wasiohusika.

Kisha akaja mwanahistoria Edhem Eldem, mtu wa ukoo wa Osman Hamdi mwenyewe, akapekua majarida ya zamani. Katika jarida la safari la Kifaransa, Le Tour du Monde, la mwaka 1869, alikuta mchoro wenye jina la mcheza kobe. Umechorwa kwa kuiga picha ya Kijapani, ukiandamana na makala ya Mswisi aitwaye Aimé Humbert kuhusu Japani. Mtu anapiga kangoma, kobe wanamfuata. Na barua za Baghdad za mwaka huo huo zinaonyesha kwamba kijana Osman Hamdi alikuwa akilisoma jarida hilo. Hapakuwa na bustani ya tulipu wala darweshi wa Bursa. Palikuwa na Mjapani aliyechora, Mfaransa aliyeiga, Mswisi aliyesimulia, na ofisa wa Kituruki mwenye miaka 26, amechoka na joto la Baghdad, aliyefungua ukurasa na kuuhifadhi kichwani kwa miaka karibu 37.

Baadhi ya wapenzi wake waliona ugunduzi huo umemshusha. Kwangu umempandisha, kwa sababu unaonyesha alichobadilisha. Katika mchoro wa jarida ngoma inalia na kobe wanatii, ni kiini macho cha Mashariki kama Gérôme alivyokipenda. Osman Hamdi akainyamazisha ngoma. Akamtoa mcheza maonyesho, akaweka mtu aliyezeeka kazini, akamvalisha nguo za darweshi na kumpa sura yake mwenyewe. Alikuwa mchoraji wa Mashariki kama wengine, kwa mtindo ule ule na kwa soko lile lile. Kumwita mpinzani wao ni kumpa sifa asiyoiomba. Tofauti ni kwamba katika picha za Gérôme hutamwona Gérôme akitazamwa.

Wala hakuwa mtu wa kuogopa. Mwaka 1901 alichora mwanamke aliyevaa gauni la njano, ameketi juu ya marufaa, ameipa mgongo mihrabu, na vitabu vimetapakaa miguuni pake. Picha hiyo ilionyeshwa Berlin na London. Angeitundika Istanbul, sidhani kama angemaliza mwezi kazini. Lakini mtu huyo huyo, mwaka 1880, alimchora binti akisoma Kurani kwa utulivu ambao mtu yeyote aliyelelewa karibu na chuo ataukubali: mwili umenyooka, macho yapo kwenye mstari.

Mwaka 1907 alichora kobe mara ya pili, turubai dogo zaidi, akamtunukia Salih Münir Pasha, balozi wa dola mjini Paris. Safari hii kobe ni sita. Mwaka uliofuata mapinduzi ya Vijana wa Kituruki yalimlazimisha Abdulhamid kurudisha katiba na bunge, na balozi akapoteza kazi. Mkurugenzi hakuguswa. Alifariki Februari 1910, akazikwa Eskihisar, kijiji cha pwani alikokuwa na nyumba na chumba chake cha kuchorea, na nafasi yake makumbushoni akaishika mdogo wake, Halil Edhem.

Toleo la kwanza, lenye kobe watano, liliingia mnadani Istanbul Desemba 2004, wiki ambazo mji ulikuwa ukifungua makumbusho yake mapya ya sanaa ya kisasa. Makumbusho hayo yalilitaka. Wafadhili wa Makumbusho ya Pera, ambayo yalikuwa hayajafunguliwa bado, walilitaka zaidi. Lilikwenda kwa lira trilioni 5 za zamani, takriban dola milioni 3.5 za Marekani, bei ambayo hakuna picha ya mchoraji wa Kituruki ilikuwa imeifikia. Nchini kwake sasa mzee yule yumo kwenye vikombe, kalenda na michezo ya kuunganisha vipande, na wauzaji wa barabarani wanamwita kwa jina la mfundisha kobe.